Mwalimu Mkuu wa Wanafunzi Wawili

Siku ya kwanza ya shule nilivaa tai. Mke wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunizuia. Nilipiga pasi shati jeupe, nikafunga tai niliyoivaa siku ya ndoa yetu, nikasimama mbele ya meza ya chakula na kusema kwa sauti nzito, "Habari za asubuhi, wanafunzi."

Binti yangu mdogo, wa miaka sita, aligeuka nyuma kutazama hao wanafunzi wako wapi. Mkubwa, wa miaka kumi, alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mimi si mwalimu. Mimi ni mtu wa ghala, napokea mizigo na kuipanga kwenye rafu kule kwenye maghala karibu na uwanja wa ndege. Wanangu walikuwa wameishi na mama yangu Morogoro kwa miaka mitatu, sisi wawili tukiwa tumetangulia Dubai, na hatimaye tulipopata nyumba ndogo mtaa wa Satwa, ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi cherehani, tukawaleta. Mkubwa alikuja akiwa mtu na heshima zake. Darasani kwao alikuwa wa pili, na bibi yake alikuwa akimtuma dukani bila kuandika kitu kwenye karatasi. Tukampeleka shule moja ya hapa, akapewa mtihani wa Kiingereza, akakaa mbele ya ile karatasi saa nzima bila kuandika hata jina lake. Mama aliyetupokea alituambia kwa upole kwamba itabidi arudishwe nyuma madarasa matatu, akae na watoto wanaokaribiana umri na mdogo wake.

Kwenye basi la kurudi nyumbani hakulia. Alitazama nje mpaka karibu tunashuka, kisha akaniuliza, "Baba, kwani mimi nimekuwa mjinga lini?"

 Jibu lilitoka kwa mke wangu jioni ile.

"Mwaka mmoja," alisema. "Tumfundishe hapa hapa nyumbani mwaka mmoja, apate Kiingereza, halafu aingie darasa lake na kichwa chake kikiwa juu."

"Nani amfundishe?"

Akanitazama tu. Yeye ni msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja Al Barsha, na basi la wafanyakazi humchukua kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kumrudisha saa kumi na moja jioni. Mimi zamu yangu inaanza saa tisa alasiri, na saa nane huwa natoka nyumbani. Asubuhi zote zilikuwa zangu. Yale masaa matatu ya katikati, mimi nimeshaondoka na mama yao hajarudi, tulimwomba jirani yetu, bibi mmoja wa Kiunguja aliyeishi mji huu tangu ujana wake, na ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Alikubali kabla hatujamaliza kuomba. Mdogo naye akasema haiwezekani dada yake asome nyumbani yeye apelekwe kwa watu asiowajua. Hivyo ndivyo nilivyopata wanafunzi wawili.

Niliiendesha shule kama ghala, kwa sababu ndicho nilichokuwa najua. Kila somo lilikuwa na rafu yake na muda wake. Niliandika ratiba ya rangi nne nikaibandika kwenye friji. Nilibandika karatasi za majina kwa Kiingereza kwenye mlango, kiti, sufuria na kabati, mpaka mke wangu akasema anaogopa kusimama muda mrefu asije akabandikwa na yeye. Nilinunua filimbi. Filimbi ile niliipuliza mara moja tu, kutangaza mapumziko. Kabla watoto hawajainuka tulisikia miguu inakimbia ngazini, na yule fundi cherehani wa chini, Mpakistani mwenye ndevu nyeupe, akatokea mlangoni na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, akiuliza kwa Kiarabu cha kubabaisha moto uko wapi. Nikamwambia hakuna moto, ni shule. Akatazama tai yangu, akawatazama watoto, akasema, "Khalas," yaani basi yameisha, akashuka.

Hesabu nilizimudu. Mtu aliyefunga maboksi miaka minane, kwetu na huku, anajua sehemu na asilimia. Kiingereza ndicho kilichonitoa jasho. Kiingereza changu ni cha ghalani: leta, weka, angalia nyuma, siyo hilo, lile. Sarufi sikuwa nayo. Nikawa naibeba kazi ya kesho kwenda nayo kazini, na wakati wa chai ninaketi juu ya boksi tupu na Mkenya mmoja anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, ambaye kwao alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuja huku. Ananieleza somo, ninaandika kiganjani, asubuhi naenda kulifundisha.

"Buda, unafundisha kitu umejua jana," aliniambia siku moja akicheka; buda kwao ni mzee.

"Wao hawajui kwamba nimejua jana."

"Watoto hujua, buda. Hujua sana."

Kweli walijua. Mdogo hakujali, yeye alikuwa anapayuka Kiingereza chochote kilichomjia na kuendelea na safari. Lakini mkubwa alikuwa anainamia daftari na kuandika sentensi nne kwa saa nzima, anafuta, anaandika, anafuta mpaka karatasi inatoboka. Nikichukua daftari nasahihisha kwa kalamu nyekundu, kila kosa na duara lake, kama ninavyoweka alama kwenye boksi lililobonyea. Nikimwambia asome kwa sauti, midomo inacheza bila sauti kutoka. Nilidhani anahitaji mazoezi zaidi. Nikaongeza mazoezi. Nikaunguza wali mara mbili wiki moja kwa sababu nilikuwa nimeinama juu ya daftari, na mara ya pili tulikula ndizi na biskuti, nikaandika kwenye ratiba kwamba hilo lilikuwa somo la afya.

Nyumba nzima ikawa shule. Mke wangu akirudi anaanza na madaftari kabla ya kuvua viatu. Wakati wa chakula anauliza saba mara nane. Akipiga simu wakati wa mapumziko yake, mimi na yeye hatuulizani habari. Namsomea ripoti, ukurasa huu umekamilika, ule bado, naye anasema sawa, anakata. Nikitoka kazini namkuta amelala. Akitoka asubuhi ananiacha nimelala. Tulikuwa tunaishi nyumba moja kama watu wanaopokezana zamu.

Jumapili moja tukawa na mapumziko wote wawili, kitu kilichokuwa nadra. Tulitoka kanisani, mke wangu akasukuma chapati, nikakaanga mayai, tukakaa mezani wote wanne kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mkubwa alitazama sahani yake, akatutazama sisi, akauliza kwa adabu kabisa, "Leo hapa ni shule au ni nyumbani?"

Mke wangu akaweka uma chini. 

"Ni nyumbani," mama yao alisema.

"Basi naweza kula haraka haraka, bila kuulizwa saba mara nane?" mdogo akauliza, na tukacheka wote, ingawa mimi kicheko changu kilikuwa na kitu ndani yake.

Alasiri tulikuwa tunaanika nguo kwenye kibaraza, mimi nashika vibanio, mke wangu anaanika.

"Mume wangu, wewe mwalimu mzuri," alisema. "Mimi pia nimekuwa mwalimu. Sasa hawa watoto baba na mama yao wameenda wapi?"

"Tulisema mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja wa umri wa miaka sita ni mwingi sana. Hautarudi tena." Akachukua kibanio mkononi mwangu. "Na mimi nimekumiss. Nakusikia kila siku kwenye simu, lakini unaongea kama mtu wa stoo."

Nilitaka kumwambia mimi *ni* mtu wa stoo, lakini nilimtazama nikaona hakuwa anatania.

Tukakaa na kukata shauri pale pale, nguo zikidondoka maji. Tulikuwa na kitambaa cha meza cha plastiki, cha kijani, ambacho hakuna aliyekipenda. Tukakubaliana kwamba kitambaa kikiwa mezani ni shule, kikiondolewa ni nyumbani, na kitaondolewa saa tano na nusu, kazi iwe imekwisha au haijakwisha. Halafu mke wangu akaongeza sheria yake: baada ya kitambaa kuondoka, ni marufuku kumuuliza mtoto swali ambalo wewe mwenyewe unajua jibu lake.

Sheria hiyo ilikuwa ngumu kuliko sarufi. Jaribuni. Siku ya kwanza, mke wangu alinisimulia baadaye, walianza chakula cha jioni na hakuna aliyejua aulize nini. Ndipo alipomuuliza mkubwa, "Ungekuwa na chumba chako mwenyewe ungekipaka rangi gani?" na mtoto akaongea mpaka chakula kikapoa. Karatasi za kabati na sufuria tulizibandua, isipokuwa ya mlangoni, iliyogoma kutoka. Mdogo naye alizielewa sheria haraka kuliko sisi. Wiki ya pili niligeuka kutazama maharage jikoni, niliporudi nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kiti. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shule imefungwa, mwalimu," alinitangazia. "Yalla, twende nyumbani."

Nyumba ilipumua. Hata hivyo, Kiingereza cha mkubwa kilikuwa pale pale, sentensi nne na karatasi iliyotoboka. Nilianza kuhesabu miezi iliyobaki na kuogopa.

Siku moja nilifika kituo cha basi nikagundua nimesahau kitambulisho cha kazi, na bila hicho getini hupiti. Nikarudi mbio. Nilipofika ghorofa ya tatu, mlango wa bibi ulikuwa wazi kidogo, kama kawaida yake, na ndani nikasikia mtoto anasoma Kiingereza. Anasoma vizuri, kwa kituo, anapanda na kushuka. Nilidhani ni televisheni. Halafu yule mtoto akasema kwa Kiswahili, "Anasema alianguka na baiskeli lakini goti limepona, na anakusalimu," nikaijua sauti.

Nilisimama pale mlangoni kama mwizi. Bibi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kanga mabegani, macho kayafumba. Binti yangu alikuwa amekaa chini na simu ya bibi mkononi, mdogo wake akichambua mchele kwenye sinia.

"Haya, mjibu," bibi akasema. "Mwambie, pole mjukuu wangu, na hiyo baiskeli aipande na kofia ngumu, si kichwa kitupu kama babaake alivyokuwa."

Binti yangu akafikiri, midomo ikicheza, akaanza kuandika. Hakufuta.

"Ingia weye mwanamme," bibi akaita, macho bado kayafumba. "Usimchungulie karani wangu."

Nikaingia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Si ulishakwenda kazini?"

Nikamweleza kuhusu kitambulisho, lakini jicho langu lilikuwa kwa mtoto. Bibi akaniambia kwamba wajukuu zake wamezaliwa Kanada, Kiswahili hawakijui, wanamwandikia Kiingereza, na yeye Kiingereza chake ni cha sokoni na macho yenyewe hayaoni herufi ndogo. Siku moja alimwomba mtoto amsomee neno moja. Kesho yake maneno mawili. Sasa yapata mwezi wa pili, kila alasiri barua zinakwenda na kurudi.

"Mbona kwangu hasomi?" nilimuuliza bibi, lakini mtoto ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa.

"Kwako kuna kalamu nyekundu."

Bibi akacheka. "Na kwangu mie, akikosea nani atajua? Mie sijui, mdogo wake hajui. Hata wiki ile alipokosea, hatukujua hadi jawabu lilipokuja. Mwambie babaako."

Mtoto akaanza kucheka kabla ya kusimulia. Bibi alikuwa amemwambia amuulize mjukuu kama amekula pamoja na kaka yake. Yeye akasahau kale kaneno kadogo ka "pamoja na", na swali likafika Kanada likiuliza kama amemla kaka yake. Jibu likarudi: bado, bibi, ila ananiudhi sana, huenda nikamla Jumamosi. Binti yangu alisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka, yule yule mtoto aliyekuwa anatoboa karatasi kwa kufuta, akicheka kosa lake mwenyewe mpaka akaegemea kochi. Mdogo akamwaga mchele kwa kucheka. Nami nilicheka, na katikati ya kicheko nilihisi wivu, sitaficha, wivu wa mwalimu mkuu aliyenyang'anywa mwanafunzi. Halafu ukapita, nikabaki na furaha tupu. Nilichelewa kazini nusu saa.

Wakati wa chai nilimsimulia Mkenya wangu, akazima foklifti ili acheke vizuri.

"Buda! Umepokonywa class na nyanya!"

Ilinichukua muda kukumbuka kwamba kwao nyanya ni bibi. Kwetu ni kitu cha kuungia mchuzi.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Kwani yeye hufanya nini? Humpatia kazi ya kweli. Wewe pia tafuta yako."

Nilikuwa nayo, kumbe. Kwa muda mrefu nilitaka kuomba kazini nianze saa kumi badala ya saa tisa kila Jumanne, ili angalau siku moja kwa wiki niweze kuwapeleka watoto wakale na mama yao wakati wa mapumziko yake. Sikuwahi kuomba kwa sababu maombi yalitakiwa kwa maandishi, kwa Kiingereza, kwa bosi mkubwa, ambaye tunamwita "sir" hata akiwa hayupo. Asubuhi iliyofuata nilitandika kitambaa cha kijani, nikaweka kalamu nyekundu kwenye droo, nikamwambia mkubwa, "Karani, nina barua. Mimi mwenyewe siiwezi."

Alinitazama kuona kama namdanganya. Alipoona siyo, akavuta kiti.

Tuliandika asubuhi nzima. Tulibishana juu ya neno moja la adabu, mimi nikitaka liwe mwanzoni, yeye akisema wajukuu wa bibi huliweka mwishoni, na yeye akashinda. Mdogo alichora ua kwenye kona, tukalifuta, akalia, tukalirudisha dogo zaidi. Niliipeleka barua na ua lake. Bosi aliisoma amesimama, akaniuliza nani ameandika. Nikasema karani wangu. Akasaini.

Jumanne ya kwanza tulipanda basi kisha metro, watoto wakikaa kwenye behewa la mbele kabisa ili waone reli. Nilikuwa nimefunga pilau kwenye hotipoti na kachumbari kwenye kopo. Mke wangu alitokea mlango wa nyuma wa hoteli akiwa na sare yake ya kazi, nywele zimefungwa nyuma, kadi yake kifuani, akatembea kuja kwetu kwa haraka huku akijaribu kuonyesha kwamba hana haraka. Tukakaa kwenye benchi la wafanyakazi, kivulini. Ilikuwa miezi ya baridi, upepo ni mzuri.

"Mama, hayo madirisha yote unasafisha wewe?" mdogo aliuliza, shingo imekunjika kutazama juu.

"Siyo peke yangu. Tuko wengi."

"Lakini wewe ndiye mkubwa wao?"

"Wa ghorofa mbili tu."

Mdogo akahesabu ghorofa kwa kidole, akapotea, akaanza upya, na hakuna aliyemsaidia. Mkubwa alimsimulia mama yake habari za barua, na za kaka aliyenusurika kuliwa. Mke wangu alicheka mpaka wenzake wa benchi la pili wakageuka. Kisha akaniuliza kama mgongo wangu bado unauma, nikamwambia kidogo, na yeye akaniambia juu ya mgeni mmoja aliyesahau meno ya bandia bafuni akarudi kuyachukua akiwa amefunga mdomo kwa leso. Mapumziko yake ni dakika arobaini. Nadhani katika dakika zile tuliongea zaidi kuliko miezi mitatu iliyopita.

Jumanne zikaendelea. Sitaki kusema kila kitu kilinyooka. Kuna wiki watoto waliumwa mafua na shule ikafungwa siku tano, kuna siku nilipandisha sauti nikaomba msamaha, na jiografia ya mwaka ule ilikuwa hasa vituo vya metro. Mwaka ulipokaribia kwisha tulimpeleka mkubwa kwenye shule nyingine kufanya mtihani. Alimaliza karatasi. Mwalimu akamwita ndani kwa mazungumzo, na sisi tukasubiri kwenye viti vya ukutani, mke wangu akinifinya mkono. Walikaa muda mrefu. Alipotoka mwalimu alikuwa anatabasamu, akatuambia amepokelewa darasa la umri wake.

"Alikuuliza nini?" nilimuuliza mtoto nje.

"Aliniuliza nafanya nini nyumbani. Nikamwambia mimi ni karani wa barua za bibi. Akataka nisimulie zaidi."

Mdogo naye alipokelewa darasa la kwanza, kwa sharti lake mwenyewe kwamba basi la shule liwe la njano.

Asubuhi walipoanza shule, mke wangu alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Tulisimama pembeni mwa barabara mpaka basi likakata kona, la njano kweli. Ilikuwa saa moja na nusu. Mimi zamu yangu ilikuwa mbali, yeye hakuwa na vyumba vya kukagua. Tukatazamana kama watu walioachiwa nyumba ya wengine.

"Tufanye nini?" akaniuliza.

Kutoka Satwa hadi pwani ya Jumeirah unaweza kwenda kwa miguu, na miaka yote hiyo hatukuwahi kwenda wawili tu. Tukaenda. Alivua viatu akavishika mkononi, na kwa muda mzuri hatukuwataja watoto hata mara moja. Aliniambia angependa siku moja ajifunze kuogelea; nilikuwa nimemuoa miaka kumi na mbili na sikujua hilo. Kisha akasimama.

"Unadhani wameshakula?"

"Saa mbili hii? Bado."

"Haya," akasema, akanishika mkono, na tukaenda kutafuta chai.